Kuhifadhi Vyombo vya Kutengenezea Wanzuki Baada ya Msimu

Lengo la somo: Baada ya kusoma, msomaji aweze kusafisha, kukausha na kuhifadhi vyombo vyake, na kutambua vile visivyofaa tena kwa kinywaji.

Utangulizi

Katika Mkoa wa Katavi, hususan Inyonga na vijiji vinavyopakana na misitu ya miombo, asali haiishii sokoni. Sehemu yake huchanganywa na maji na kuchachushwa, ikawa wanzuki. Asali inapoadimika, ndoo, mapipa, vibuyu, chujio na mipira ya kuhamishia kinywaji hukaa bila kazi kwa miezi. Usalama wa wanzuki ya msimu ujao hutegemea sana jinsi vyombo hivyo vilivyowekwa.

Katika nchi za baridi kali, watengenezaji wa vinywaji vya nyumbani huogopa barafu: maji yaliyosahauliwa ndani ya chombo yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9 na kukipasua. Mpanda haina baridi ya namna hiyo, lakini kosa la kuacha maji ndani lipo hata kwetu. Hapa maji hayo huotesha ukungu na kulisha vijidudu, hasa katika unyevu wa masika, kati ya Novemba na Aprili.

Hatua za kufuata

1. Osha siku ile ile. Masalia ya asali na machicha yakikauka hushika kama gundi. Tumia maji ya moto, sabuni na kitambaa laini. Usisugue plastiki kwa mchanga au steelwaya, kwa kuwa kila mkwaruzo huwa maficho ya vijidudu.

2. Ua vijidudu. Vyombo vya chuma na chujio za kitambaa vichemshwe. Kwa plastiki, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usichanganye dawa hiyo na siki, ndimu wala asidi nyingine, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

3. Kausha kabisa. Pindua vyombo juu ya kichanja, mahali penye hewa. Mpira utundikwe ncha zote mbili zikielekea chini. Kibuyu kikaushwe ndani na nje.

4. Hifadhi bila kubana mfuniko. Funika mdomo kwa kitambaa safi ili hewa ipite na panya na wadudu wasiingie. Weka kivulini, kwa sababu jua la muda mrefu huikausha plastiki ikapasuka. Plastiki hufyonza harufu, hivyo isikae karibu na mafuta ya taa, mbolea wala viuatilifu.

Vyombo visivyofaa kamwe

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katavi hulima tumbaku, pamba na mahindi, na makopo ya viuatilifu hubaki mengi baada ya kilimo. Chombo kilichobeba kiuatilifu kisitumike kwa kinywaji, hata kikioshwa mara kumi. Kutokuwa na harufu si ushahidi wa usalama. Unaponunua pipa lililokwisha kutumika, uliza lilibeba nini; muuzaji asipojua, usilinunue. Tafuta plastiki yenye alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya chakula, na hata hiyo iwe haijabeba kemikali.

Vivyo hivyo, usichachushe wala kuhifadhi wanzuki katika ndoo za bati lililopakwa zinki. Wanzuki ina asidi, na asidi huyeyusha zinki. Anayeinywa anaweza kupata kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo.

Kabla ya msimu mpya

Kagua kila chombo kwenye mwanga. Chenye ufa, kutu au ukungu uliopenya ndani kiondolewe katika kazi hii. Vilivyosalia vioshwe na kuuliwa vijidudu upya, hata kama vilihifadhiwa vizuri.

Anayenunua wanzuki naye ana haki ya kuuliza imetengenezwa katika chombo gani, na kuikataa asiporidhika na jibu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mfuniko usibanwe wakati wa kuhifadhi?
2. Jirani anakupa bure pipa lililobeba kiuatilifu, lisilo na harufu. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?
3. Taja vyombo vyako vitatu na jinsi utakavyokausha kila kimoja.