Upasuaji wa Varikosili na Madhara Yake

Ndoa isipojaliwa mtoto, lawama humwangukia mke upesi, na mume huchunguzwa mwisho au asichunguzwe kabisa. Hata hivyo, wanaume wapatao 15 katika kila 100 wana varikosili, yaani kutanuka kwa vena zinazotoa damu katika korodani. Miongoni mwa wanaume wanaochunguzwa kwa sababu ya ugumba, idadi hiyo hukaribia 40 katika 100.

Mbegu za kiume hutengenezwa vyema katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili, ambalo ni nyuzi 37 za sentigredi. Damu inapotuama katika vena zilizotanuka, joto la korodani hupanda na utengenezaji wa mbegu huzorota. Kwa hiyo daktari mpasuaji huzifunga vena hizo ili damu ipite njia nyingine.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba vena, ateri na mishipa ya limfu hupita pamoja katika kamba moja nyembamba inayoshika korodani. Kila kosa huleta dhara lake:

(a) Vena ikisahauliwa, varikosili huweza kurudi.

(b) Ateri ikifungwa, korodani huweza kusinyaa, ingawa ni mara chache, kwa kuwa hupata damu pia kutoka ateri nyingine ndogo.

(c) Mishipa ya limfu ikifungwa, maji hukusanyika na kuwa busha. Katika pwani ya Afrika Mashariki busha hujulikana zaidi kwa ajili ya minyoo ya matende. Hapa mnyoo haumo, lakini njia ya limfu imeharibiwa vilevile.

Mwaka 1992 Marc Goldstein na wenzake wa New York walieleza upasuaji wa kutumia hadubini, unaohifadhi ateri na limfu. Bila hadubini, busha hutokea kwa wagonjwa wapatao 7 katika 100. Kwa hadubini, huwa chini ya 1.

Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kukomaa. Ndiyo sababu manii hupimwa tena baada ya miezi 3. Tena, mwenye varikosili ambaye manii yake ni timamu hahitaji kupasuliwa kwa ajili ya uzazi.

Zoezi: Tazama katika mchoro mahali inapoishia vena ya kila korodani. Kwa nini varikosili huonekana zaidi upande wa kushoto?