KIJANA, NANI AMEKUFUNDISHA KUCHUKIA?

Kijana, simama kidogo. Je, kuna mtu unamchukia kwa sababu ya kabila lake tu? Usijibu haraka. Kwanza sikia habari za bibi mmoja Myahudi, ambaye angechukia hakuna ambaye angemshangaa.

Aliitwa Margot Friedländer, mzaliwa wa Berlin, Ujerumani, mwaka 1921. Alikuwa na miaka 11 Hitler aliposhika madaraka. Serikali ikabadilika, na majirani nao wakabadilika! Tena taratibu: leo Myahudi ananyimwa kazi, kesho anafukuzwa shule, keshokutwa anavalishwa nyota ya njano kifuani.

Tarehe 20 Januari 1943 Margot, sasa binti wa miaka 21, alirudi nyumbani. Yeye, mama yake na mdogo wake Ralph walikuwa tayari kutoroka. Akakuta Ralph, kijana wa miaka 17, ameshachukuliwa. Mama hakukubali mwanawe aende peke yake. Akajisalimisha mwenyewe kwa polisi. Kwa jirani alimwachia Margot mkoba, ndani yake kitabu cha anwani na ushanga wa kaharabu, na neno la mdomo: ajitahidi kuyajenga maisha yake. Basi, hayo tu. Mama na Ralph waliuawa Auschwitz.

Sasa sikia vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi tunakwama. Margot alijificha miezi 15. Waliomficha ni nani? Wajerumani! Walijua kabisa wakigunduliwa wamekwisha. Na waliomnasa mwaka 1944 ni nani? Wayahudi wenzake, waliokuwa wakitumiwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Haya niambie, rafiki: hapo utachukia kabila gani?

Alipelekwa kambi ya Theresienstadt, akatoka hai. Mwaka 1945 akaolewa na Adolf, naye ametoka kambi hiyohiyo, na mwaka 1946 wakahamia New York. Adolf hakutaka kabisa kurudi Ujerumani, na nani atamlaumu? Alifariki mwaka 1997.

Lakini mwaka 2010, akiwa na miaka 88, bibi huyu alifunga mizigo akarudi Berlin kuishi! Akaanza kuzunguka mashuleni. Aliwaambia vijana kwamba hakuja kuwashtaki, wao hawakuwepo; ila yatakayotokea kesho yako mikononi mwao. Aliwaambia pia hakuna damu ya Kiyahudi, ya Kikristo wala ya Kiislamu, ipo damu ya binadamu tu.

Usidhani alikuwa mzee wa kuchekacheka tu. Alipoona chuki dhidi ya Wayahudi inainuka tena Ujerumani aliumia, akasema hata wakati ule ilianza hivyohivyo. Kwa hiyo hakunyamaza. Tarehe 7 Mei 2025, mwili umechoka, alizungumza mbele ya watu katika jumba la jiji la Berlin. Siku mbili baadaye akafariki, akiwa na miaka 103.