Laini ya Akiba: Jinsi ya Kuichunguza Bila Kuiamsha

Mgonjwa anayefika katika hospitali ya umma mjini Kitale au Bungoma huhitaji mtandao kabla hajamwona daktari. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, usajili na uthibitisho wa wanachama hufanyika kwa njia ya mtandao. Vivyo hivyo kwa mkazi anayetafuta huduma za eCitizen. Mtandao ukikatika, foleni husimama.

Ndiyo maana ofisi, zahanati na biashara nyingi huweka laini mbili. Laini kuu mara nyingi ni faiba. Laini ya akiba huwa ni modemu yenye kadi ya simu, ambayo hulala mpaka faiba ipotee. Swali ni hili: mtu atajuaje kwamba laini iliyolala ni nzima, bila kuiamsha na kumaliza bando?

Fundisho la jenereta

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, jenereta moja ilikataa kuwaka, na sehemu za abiria zikabaki gizani. Jenereta ilikuwapo, lakini siku ilipohitajika haikufanya kazi.

Laini ya akiba ina hatari hiyo hiyo. Kadi ya simu inaweza kufungwa kwa kutotumika kwa muda mrefu, bando linaweza kuisha muda wake, au antena inaweza kuchomoka wakati wa usafi. Hakuna atakayejua, kwa sababu faiba inafanya kazi na huduma zinaendelea. Kwa hiyo uchunguzi ni lazima, ila ukifanywa vibaya huleta hasara yake.

Hodi inayomwamsha aliyelala

Kompyuta ya uchunguzi huhakikisha laini ni nzima kwa kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, mithili ya mtu anayepiga hodi. Tuchukulie kwamba laini ya akiba imepangwa kuamka kila inapopata ujumbe wa kupitisha, na kulala tena baada ya dakika mbili za kimya. Kompyuta ikipiga hodi kila dakika, hizo ni hodi 1,440 kwa siku. Dakika mbili za kimya hazipatikani kamwe. Laini haitalala tena, na kama inalipiwa kwa muda wa matumizi, malipo yataendelea usiku na mchana. Mchunguzi mwenyewe ndiye atakayekuwa amemaliza akiba.

Kosa la pili ni kinyume chake. Ruta hupeleka ujumbe kwa njia inayoiona kuwa bora, na njia hiyo ni faiba. Hodi iliyokusudiwa kupimia modemu hupitia faiba na kurudi na jibu zuri. Skrini huonyesha rangi ya kijani, kumbe modemu imekufa tangu mwezi uliopita.

Kosa la tatu hutokea wakati wa kuchunguza laini kuu. Baadhi ya ruta hupangwa kupiga hodi kwa seva moja ya mbali, na ikikosa jibu huamsha akiba. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Kenya na katika nchi jirani. Siku ya namna hiyo, faiba ya Kitale inaweza kuwa nzima kabisa huku seva ya ng'ambo haijibu. Ruta ikihamia kwenye kadi ya simu, bando linaliwa bila faida, kwa maana mitandao ya simu nayo hutegemea nyaya za baharini.

Njia salama, hatua kwa hatua

Kwanza, kiulizwe kifaa chenyewe. Ruta inajua kama modemu imechomekwa, kama kadi imetambuliwa, kama imejisajili kwenye mnara na kama mawimbi ni mazuri. Kompyuta ya ofisini inaweza kuiuliza ruta hayo yote kupitia waya wa ndani, bila hata ujumbe mmoja kutoka nje kupitia modemu.

Pili, fundi aandike ndani ya ruta orodha ya mawasiliano yanayoruhusiwa kuamsha laini ya akiba. Ujumbe wa uchunguzi usiwemo kwenye orodha hiyo.

Tatu, hodi ya kweli ikihitajika, ielekezwe kwa anwani moja maalumu na ifungwe kwenye modemu peke yake, isipate nafasi ya kupitia faiba. Itoke kwa nadra na kwa saa inayojulikana.

Nne, faiba isihesabiwe kuwa imekatika kwa kukosa jibu moja tu. Ziulizwe sehemu mbili tofauti, mojawapo ikiwa karibu, yaani ndani ya mtandao wa mtoa huduma, na zikose kujibu mara kadhaa mfululizo. Hata faiba ikirudi, ruta isubiri dakika chache kabla ya kuirudia, isije ikawa inahama huku na huku.

Tano, laini ya akiba ikiamka, kengele ilie au ujumbe umfikie mhusika. Akiba inayofanya kazi kimyakimya huficha ugonjwa: faiba imekatika, hakuna aliyeripoti, na siku bando litakapoisha ofisi itapoteza laini zote mbili kwa mpigo.

Jaribio la makusudi

Mawimbi mazuri hayathibitishi kwamba bando lipo. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwezi, laini ya akiba iamshwe kwa makusudi. Wafanyakazi waarifiwe, ichaguliwe saa isiyo na foleni, waya wa faiba uchomolewe kwa dakika kumi, na mtu ajaribu huduma halisi, kama vile kufungua rekodi moja. Iandikwe daftarini ni dakika ngapi zilipita kabla ya huduma kurudi. Kisha waya urudishwe na ihakikishwe kwamba modemu imelala tena.

Jambo la kumuuliza mtoa huduma

Kitale na Bungoma ni miji ya kaunti mbili jirani. Mnara wa simu wenyewe unaweza kuwa unalishwa na faiba. Ikiwa faiba ya ofisi na ya mnara zimelala kwenye mtaro mmoja, trekta moja la kuchimba barabara litakata zote mbili. Mwenye saiba, mkuu wa shule au kamati ya zahanati ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi mkataba: je, laini hizi mbili zinapita njia tofauti? Na ni nani hupata ujumbe akiba inapoamka?