Kahawia ya Atelye Yako

Mdogo wangu wa Beni unayefungua atelye ya kushona, ujumbe wako nimeusoma. Umependa kahawia moja ya Kijapani uliyoiona kwenye simu, kogecha, iliyokolea kama kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Unaitaka kwenye kibao, kadi na ukutani. Mama naye anasema duka litafanana na jiko la kuni.

Usimbishie mama. Msimulie habari za enzi ya Edo. Miaka ile ya 1603 hadi 1868 watawala wa Japani waliwakataza wafanyabiashara kujionyesha kwa mavazi ya fahari. Wenye pesa wakahamia kwenye kahawia, kijivu na buluu, wakaanza kushindana humohumo, kila mmoja na kahawia yake, mpaka watu wakawa wanataja kahawia 48 na kijivu 100, kwa maana tu kwamba ni nyingi mno. Matajiri wa Butembo wangekatazwa hivyo, nadhani tungeona mambo yaleyale.

Sasa sikia yaya wako. Kahawia inategemea jirani. Kwenye skrini ni rangi ya chungwa iliyopunguzwa mwanga. Jicho huiona kahawia kwa sababu kando yake kuna kitu kinachong'aa zaidi. Kwa hiyo ipe kogecha jirani wa rangi ya krimu. Herufi za kibao ziwe krimu juu ya kahawia. Mchoraji akitaka kutia nyekundu "ili ivutie", mkatalie kwa upole: nyekundu itazama humo. Kisha vuka barabara, pikipiki zikipita, ujaribu kusoma jina lako.

Ukutani, kogecha ikae chini, juu krimu. Mvua ya kwetu hurusha tope mpaka magotini, na ukuta mweupe unaujua mwisho wake.

Ndani ningetundika kitambaa cha gome. Wambuti wa msitu wa Ituri wanakitengeneza: wanaume wanaponda gome, wanawake wanachora. Waganda nao wana chao cha mti wa mutuba, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Jua ndilo linalokipa ule wekundu wake. Kikitundikwa kwenye krimu, karibu na kogecha, wekundu huo utachangamka.

La mwisho ni la pesa: fundi achanganye rangi ya ukuta wote siku moja. Akiongeza ndoo nyingine wiki ijayo kwa kukisia, haitafanana.