Mada ya Tisa: Itambue Nchi kwa Vidokezo

Soma vidokezo vifuatavyo kimoja baada ya kingine. Funika vya chini kwa karatasi, na kila unapofunua kimoja, jiulize ni nchi ngapi ambazo bado zinawezekana.

(a) Nchi hii haipakani na bahari.
(b) Mstari wa Ikweta unapita ndani yake.
(c) Fedha yake ni shilingi.
(d) Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443 linaanzia huko na kuishia Chongoleani, Tanga.

Wanafunzi wangu hapa Nguvumali hunyoosha mikono wakifika (d), wakasema Uganda, na wanapata. Lakini swali hili lilikuwa limekwisha kwenye (b). Kidokezo (a) peke yake ni kipana: Afrika ina nchi 16 zisizo na bahari, na duniani kote zinazidi 40. Kidokezo (b) nacho ni kipana, maana Ikweta inapita Gabon, Kongo zote mbili, Kenya, Somalia, Indonesia, Ekwado, Kolombia, Brazil na nyingine. Viweke pamoja, utaona inabaki nchi moja tu duniani. Kama uliandika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulisahau kwamba nchi hiyo, pamoja na ukubwa wake wote, ina pwani ya kilometa zipatazo 37 kwenye Bahari ya Atlantiki, pale Mto Kongo unapomwaga maji yake.

Hakuna karatasi inayoitwa Maarifa ya Jumla katika mtihani wako wa kidato cha nne. Lakini maswali ya kuchagua na ya kuoanisha katika Jiografia, Historia na Uraia yanatungwa kwa namna hii hii, hata pale yanapoandikwa kwa Kiingereza. Na ukishamaliza shule, utakutana nayo tena kwenye usaili wa kazi, mbele ya watu watatu wasiokujua. Kwa hiyo tunafanya mada hii kwa makini, si kwa kujifurahisha tu.

Kazi yako ni moja: pima upana wa kila kidokezo kabla ya kujibu. Kidokezo chembamba kinabakiza nchi moja. Kidokezo kipana kinabakiza nyingi, nacho si kibaya, ila hakitoshi. Wengi wanaokosa hawakosi kwa kutojua. Wanakosa kwa sababu walikutana na kidokezo kipana chenye harufu ya nyumbani wakakidhani chembamba.

Mkonge

Ukipanda basi la Korogwe utapita mashamba ya mkonge. Kuna wasomaji wa kitabu hiki ambao babu zao waliukata, wengine waliozaliwa kwenye kambi za mashamba hayo. Basi mtahini akiandika "nchi hii inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge", kalamu ya mtoto wa Tanga inakimbia yenyewe: Tanzania. Amekosa. Siku hizi inayoongoza ni Brazil.

Aliyejibu Tanzania hakubuni. Alijibu swali jingine ambalo halikuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sisi ndio tuliokuwa vinara, na mwaka 1964 uzalishaji wa katani hapa nchini ulipita tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mengine unayajua kwenye somo la Historia. Neno lililopaswa kumzuia ni "inaongoza". Halikuandikwa "iliongoza".

Sasa tazama mmea huu mmoja unavyoweza kuzaa maswali. Asili yake ni Mexico, na jina lake la Kiingereza limetokana na bandari ya Sisal iliyoko rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilisafirishwa kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kwa hiyo:

Nchi ambayo ni asili ya mkonge: Mexico.
Nchi ambayo miche yetu ya kwanza ilichukuliwa: Marekani.
Nchi iliyokuwa ikitawala mkonge ulipoletwa: Ujerumani.
Nchi iliyoongoza zamani: Tanzania.
Nchi inayoongoza sasa: Brazil.

Mmea mmoja, nchi tano. Ukiona neno "mkonge" bado hujaona kidokezo chochote. Pigia mstari kitenzi na neno la wakati, kisha ndipo ufikirie.

Karafuu ni vivyo hivyo. Sisi watu wa pwani tukisikia karafuu tunaona Pemba. Lakini karafuu ililetwa visiwani kwetu, na asili yake ni visiwa vya Maluku. Ushahidi wa pua usikubalike kwenye chumba cha mtihani.

Jina la nchi si ushahidi

Hapa nitakueleza kosa langu mwenyewe, maana lilimgharimu mtoto wa watu.

Mwaka wangu wa pili kazini niliandaa chemsha bongo ya mikondo miwili, Ijumaa mchana, darasani. Niliuliza: "Taja nchi ya Afrika ambayo Ikweta inapita ndani yake, na ambayo lugha yake rasmi ni Kihispania." Kwenye karatasi yangu ya majibu nilikuwa nimeandika Guinea ya Ikweta. Binti mmoja wa kidato cha nne akajibu, "Mwalimu, haipo." Nikamwambia akae. Alama ikaenda kwa mkondo mwingine, na mkondo wake ukashindwa kwa alama hiyo hiyo moja.

Baada ya kipindi akanijia na atlasi na rula. Akailaza rula kwenye nyuzi sifuri. Sehemu ya bara ya Guinea ya Ikweta yote iko kaskazini ya rula. Kisiwa cha Bioko kiko kaskazini zaidi. Kisiwa cha Annobón kiko kusini. Mstari wenyewe unapita katikati, baharini, ukagusa nchi jirani: Gabon upande wa bara, na São Tomé na Príncipe upande wa visiwani. Nchi inayobeba jina la Ikweta haina ardhi hata kipande kidogo ambacho Ikweta inakipita.

Jumatatu nilisimama mbele ya mikondo yote miwili nikaeleza. Alama niliirudisha, lakini zawadi ya madaftari ilikuwa imeshagawiwa na kuandikwa majina. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kununua mengine.

Tangu hapo kila swali la mipaka na mistari nalipitishia rula kwanza. Nawe fanya hivyo na atlasi yako nyumbani. Ukiwa huna, ya maktaba inatosha.

Majina yanayofanana nayo yanataka tahadhari. Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta na Papua Guinea Mpya ni nchi nne tofauti, na ya mwisho haiko Afrika kabisa. Niger na Nigeria zimechukua jina la mto mmoja. Kongo mbili zina miji mikuu inayotazamana ng'ambo ya mto, Brazzaville na Kinshasa. Bendera nazo zina mapacha: ya Chad na ya Romania zina rangi tatu zilezile kwa mpangilio uleule, tofauti ni kukolea kwa bluu tu. Ukielezwa rangi za bendera peke yake, usijibu bado.

Sasa au zamani?

Vitabu vingi vinavyouzwa mitumba ni vya zamani. Kimoja kitakuambia mji mkuu wa Nigeria ni Lagos. Umekuwa Abuja tangu 1991. Brazil ilihamia Brasília mwaka 1960. Burundi sasa makao makuu ya kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018, Volta ya Juu ni Burkina Faso tangu 1984, na Zaire haipo kwenye ramani tangu 1997.

Usicheke sana, maana hata kwetu tunakosea. "Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961" ni Tanganyika. Tanzania ilizaliwa na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Nimesahihisha madaftari mengi yaliyokosa hapo, na wenye madaftari wanaimba wimbo wa taifa kila asubuhi.

Zoezi

Tumia utaratibu uleule: funika, funua, punguza. Usitazame majibu kabla hujaandika neno.

1. (a) Imezungukwa pande zote na nchi moja tu. (b) Ina mfalme anayerithi kiti. (c) Fedha yake ni loti.

2. (a) Ikweta inapita ndani yake. (b) Wakazi wake wengi ni Waislamu. (c) Ndiko asili ya karafuu. (d) Bendera yake ni nyekundu juu, nyeupe chini.

3. (a) Inapakana na Yemen. (b) Katika karne ya 19 mtawala wake alihamishia makao yake Zanzibar. (c) Rial yake moja ina baisa 1,000.

4. (a) Wengi wa askari walioshuka Tanga Novemba 1914 kupigana na Wajerumani walitoka huko. (b) Neno letu "pesa" linatokana na sarafu ya huko. (c) Katikati ya bendera yake kuna gurudumu lenye njiti 24.

5. (a) Mtanzania aliweka rekodi ya dunia ya mbio huko mwaka 1974. (b) Mji wake mkuu si mji wake mkubwa kuliko yote. (c) Ndiyo nchi ya kwanza yenye kujitawala kuwapa wanawake haki ya kupiga kura za kitaifa, mwaka 1893.

Majibu na maelezo

1. Lesotho. Kidokezo (a) kinabakiza tatu: Lesotho, San Marino na Vatikani. San Marino ni jamhuri, na Papa hachukui kiti kwa kurithi, kwa hiyo (b) inamaliza. Aliyeandika Eswatini aliruka (a) akakimbilia mfalme. Eswatini inapakana na Afrika Kusini na pia Msumbiji.

2. Indonesia. Somalia inaweza kubaki nawe mpaka (b). Kidokezo (c) ndicho chembamba, maana Maluku iko Indonesia. Kama uliandika Tanzania kwa sababu ya karafuu, rudi kwenye mkonge. Kidokezo (d) hakikuongeza kitu. Bendera ya Monaco ina rangi hizo kwa mpangilio huo.

3. Oman. Yemen inapakana na nchi mbili, Saudi Arabia na Oman. Aliyehamia Zanzibar ni Seyyid Said, na ndiyo sababu mpaka leo ukienda Muscat utakutana na familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Baisa na pesa ni ndugu. Litazame jibu linalofuata.

4. India. Hapa ndipo wengi wa Tanga huandika Uingereza, kwa kuwa vita ile tunaisikia kama ya Mwingereza na Mjerumani. Maofisa wa juu walikuwa Waingereza, na kikosi kimoja cha askari kilitoka Uingereza. Lakini jeshi lile la watu wapatao 8,000 lilitumwa kutoka India, na sehemu kubwa ilikuwa Wahindi. Upande wa pili, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wengi walikuwa askari Waafrika, ndugu zetu. Swali likisema "walitoka", tafuta walikotoka, usitafute aliyewatuma.

Sasa angalia ugumu wake. India ya mwaka 1914 ilijumuisha pia ardhi ambayo mwaka 1947 ilikuja kuwa Pakistan, na paisa imetumika nchi zote mbili. Kwa hiyo aliyejibu Pakistan baada ya (a) na (b) hakuwa mjinga. Kidokezo (c) ndicho kilichomtoa, maana bendera ya Pakistan ina hilali na nyota. Ukikumbuka rangi bila gurudumu utaingia mtego mwingine, kwa kuwa bendera ya Niger nayo ni chungwa, nyeupe na kijani, ila katikati ina duara la rangi ya chungwa.

Na wakati tupo kwenye fedha: "hela" haikutoka India. Imetoka kwenye heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika katika koloni lao hili mwaka 1904. Neno "shule" pia ni lao. Ukipewa neno la Kiswahili kama kidokezo, uliza lilikuja na nani.

5. New Zealand. Australia inakufuata mpaka (b): mji wake mkuu ni Canberra na mji mkubwa ni Sydney, kama vile New Zealand ilivyo na Wellington na Auckland. Kidokezo (c) kinazitenga, kwa kuwa Australia ilitoa haki hiyo mwaka 1902. Ila kwa anayejua michezo, (a) ilitosha. Mwanariadha ni Filbert Bayi, mji ni Christchurch, mbio ni mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa mwenyeji wake, John Walker wa New Zealand.