Hakina Tumbaku, Lakini Nikotini Imo

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuoni. Nikifua suruali yake nilikuta mfukoni kikopo cha plastiki cha mviringo, ndani mna vifuko vyeupe vinavyonukia mnanaa. Nilipomuuliza alinijibu kwamba si sigara wala ugoro, hakina tumbaku, na wenzake wanakitumia ili wakeshe wakisoma. Sigara hajavuta maishani. Je, nina sababu ya kuhofia? Nyumbani pia nalea mjukuu wa miaka miwili. – Mama, Kisauni

JIBU: Mama, kwa kuwa una mtoto mdogo nyumbani, nianze na yeye. Kikopo hicho kiondoke mifukoni na mezani leo hii, kiwekwe mahali ambapo mkono wake haufiki. Kwa mtoto wa miaka miwili, kifuko kimoja kinaweza kuwa sumu. Dalili ni kutapika, kutokwa na jasho, kubadilika rangi na kulegea. Hali ikizidi, hupata degedege na kushindwa kupumua. Akimeza, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini na ubebe kikopo chenyewe. Hata kifuko kilichokwisha kutumika ni hatari, maana bado kina nikotini nyingi. Nchini Marekani, kiwango cha watoto wa chini ya miaka 6 kumeza vifuko hivi kiliongezeka zaidi ya mara 8 kati ya mwaka 2020 na 2023.

Sasa tuje kwa mwanao. Hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Ndani ya kifuko hamna jani la tumbaku. Mna nyuzinyuzi za mimea, vitu vya kutia utamu na ladha, chumvi za alkali, na nikotini. Nikotini hiyo aghalabu hutolewa kwenye tumbaku ileile, au hutengenezwa maabara. Iwe imetoka wapi, ikishaingia kwenye damu kazi yake ni moja.

Kifuko hubanwa kati ya mdomo wa juu na ufizi kwa muda wa nusu saa hivi. Hakitafunwi, na mate hayatemwi kama ya ugoro au kuberi. Hakitoi moshi, wala hakiachi harufu ya kumfichua mtu. Kijana anaweza kuwa nacho mdomoni darasani, ndani ya matatu, hata mezani mnapokula pamoja, nawe usitambue. Zile chumvi za alkali ndizo zinazoifanya nikotini ipenye upesi kwenye ngozi laini ya ufizi.

Muulize kikopo chake kimeandikwa miligramu ngapi. Vipo vya miligramu 3 na 6, vipo vya 10, na vingine hufika 20 au kupita. Baadhi ya kampuni huonyesha ukali kwa vitone tu, kwa hiyo mnunuzi asome maandishi madogo. Sigara moja humpa mvutaji takriban miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Kifuko hutoa karibu nusu ya kilichomo, na sehemu yake humezwa pamoja na mate. Ndiyo maana asiyezoea akijaribu vile vikali hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kwikwi.

Wanaovitetea wana hoja moja ya kweli. Kinachowaua wavutaji wengi ni moshi: lami, gesi ya kaboni monoksidi na kemikali nyingi zinazoleta saratani. Mtu aliyevuta miaka 20, akiacha sigara kabisa na kubaki na kifuko, huwa ameepuka sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kwa hoja hiyo, Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu aina 20 za vifuko vya ZYN ziuzwe, huku ikisisitiza kwamba ruhusa hiyo haina maana kuwa ni salama. Ubelgiji nayo ilikuwa imevipiga marufuku tangu 2023.

Lakini mwanao hana sigara ya kuacha. Kwake hakuna madhara yanayopungua. Kuna uraibu unaoanza. Ubongo huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na katika kipindi hicho hunaswa kwa urahisi zaidi. Hata hiyo sababu ya kusoma haina mashiko. Siku za mwanzo atajihisi yuko macho. Wiki kadhaa baadaye, asipokitumia atakuwa na hasira na hawezi kutulia na kitabu, kisha akikibana atadhani kimemsaidia, kumbe kimemrudisha tu alipokuwa kabla hajakijua. Isitoshe, nikotini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na pale kifuko kinapokaa ufizi unaweza kuwasha, kutoka vidonda au kurudi nyuma.

Hapa Kenya vifuko hivi viliingia mwaka 2019 kwa jina la LYFT. Mwaka uliofuata, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipinga jinsi vilivyosajiliwa, akataka vifuate Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Viliondolewa sokoni, kisha vikarejea kwa jina la Velo.

Ukizungumza naye, usianze kwa ukali. Atakuwa hodari zaidi wa kuficha. Muulize mambo mawili: hutumia vingapi kwa siku, na je, cha kwanza hukibana mara tu anapoamka? Akijibu ndiyo kwa hilo la pili, uraibu umeshika. Kama ni cha mara mojamoja, aache leo. Akikosa usingizi, akiwa mkali au akishindwa kutulia, hali hiyo huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Akishindwa peke yake, kuna dawa. Gamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Tofauti yake na kifuko ni kwamba kipimo hupangwa na mhudumu wa afya, hupunguzwa kidogokidogo, na kina tarehe ya kukoma. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na aende na kikopo chake ili mhudumu ajue aanzie kipimo gani.