Bahari Ikitishwa, Bara Hujibu: Mkonge wa Thika na Ruiru, 1942

Mtu akaaye Thika au Ruiru yu mbali na bahari. Toka Nairobi mpaka Mombasa njia ya reli ni maili 330 hivi, na miji hiyo miwili iko mbele zaidi, upande wa kaskazini. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba mambo ya manowari yawahusu watu wa pwani peke yao. Habari za mwaka 1942 zaonyesha kuwa sivyo. Mwaka huo Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Kenya, ilitishwa na dola mshindani katika Bahari ya Hindi, na sehemu ya jibu lake ilitoka katika mashamba ya mkonge.

HATARI YENYEWE

Kwa miaka mingi Japani ilikuwa ikiunda manowari, hasa zile kubwa zichukuazo ndege. Tarehe 10 Desemba 1941 ndege za Kijapani zilizamisha manowari mbili kubwa za Kiingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na Malaya. Tarehe 15 Februari 1942 ikaanguka Singapore, ngome iliyotegemewa sana. Mwezi wa Aprili manowari za Japani, zikiwamo tano za kuchukua ndege, ziliingia Bahari ya Hindi. Zilishambulia bandari za Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka, zikazizamisha Hermes, Dorsetshire na Cornwall.

Njia ya meli zilizopeleka silaha na askari Misri na Bara Hindi ilipita mbele ya pwani ya Afrika Mashariki. Kama njia hiyo ingekatwa, majeshi ya huko yangekuwa katika dhiki kubwa.

JIBU LENYE SEHEMU NNE

Kwanza, manowari zilizosalia zilihifadhiwa. Zilizokuwa za zamani na zenye mwendo wa pole zilirudishwa Kilindini. Kurudi nyuma kwaweza kuonekana kuwa ni woga. Lakini wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Manowari iliyozama hailindi mtu.

Pili, ilitafutwa njia ya kuijua nia ya adui. Wastadi wa kusikiliza simu za upepo walihamishiwa Mombasa, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Huko walichambua maandishi ya siri ya Wajapani, na kabla ya mwaka kwisha waliweza kuyasoma yale ya meli zao za biashara.

Tatu, mlango ulifungwa. Kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, kilikuwa chini ya serikali ya Wafaransa iliyopatana na Ujerumani, na ilihofiwa kwamba Wajapani wangeitwaa bandari yake ya Diego Suarez. Tarehe 5 Mei Waingereza walishuka huko kwa nguvu. Hofu yao haikuwa bure: tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Japani iliingia bandarini, ikaiharibu manowari Ramillies na kuizamisha meli moja ya mafuta. Mwezi wa Septemba askari wa King's African Rifles nao walishuka kisiwani, na mapigano yakaisha mwezi wa Novemba.

Nne, vilitafutwa vifaa. Hapa ndipo Thika na Ruiru zinapoingia.

KAMBA ZA MELI

Meli haiwezi kufungwa gatini, wala kuvutwa, wala kupakiwa shehena, pasipo kamba. Nyuzi zilizopendwa sana kwa kazi hiyo zilitoka Ufilipino, na katani nyingi ilitoka Java. Ilipofika katikati ya mwaka 1942, nchi zote mbili zilikuwa mikononi mwa Wajapani. Basi katani ya Afrika Mashariki, iliyolimwa zaidi Tanganyika lakini Kenya pia, iligeuka kuwa mali ya vita.

Kazi yake ni ngumu. Majani hukatwa kwa kisu, hufungwa matita, hupelekwa kwenye mashine ya kuondoa nyama ya jani. Singa hubaki, huoshwa, huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi, kisha hushindiliwa kuwa marobota. Reli, iliyofika Thika mwaka 1913 kwa kupita Ruiru, iliyachukua marobota hayo mpaka Nairobi, na kutoka huko yakashuka pwani.

GHARAMA NA WALIOILIPA

Hata hivyo haifai kutaja ushindi na kuacha gharama. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilitoa amri za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, na ya mkonge yalikuwamo. Mtu aliyechukuliwa hivyo hakuchagua bwana wala ujira. Utomvu uliiwasha ngozi yake, na miiba ikamchoma, kwa ajili ya meli ambazo labda hakupata kuziona.

Na bahari nayo ilidai haki yake. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikielekea Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

LA KUKUMBUKA

Kenya huru iliunda jeshi lake la majini tarehe 12 Desemba 1964. Karibu na Thika, baadhi ya mashamba ya mkonge yamekuwa ya mananasi. Lakini somo halijabadilika. Nchi inayoona manowari za mshindani zikizidi karibu na pwani yake hujibu kwa subira, kwa maarifa, kwa kulinda milango na kwa kazi ya mikono ya watu wa bara. Wapangao ulinzi hawana budi kumhesabu mkata mkonge miongoni mwa walinzi, na kumpa haki yake kabla hawajamwomba jasho lake.